Ganuni inapiga kelele hata ukigusa kidogo

Sheikh wangu, umelalamika kuwa ukipiga sauti ya ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa kinanda kilichounganishwa na kompyuta, inatoka kwa kelele hata ukigusa kidogo. Kinanda hakijaharibika. Kila ukibonyeza, midi, yaani lugha ambayo kinanda huzungumza na kompyuta, hutuma namba ya nguvu ya mguso, 1 mpaka 127. Chako kinafika juu haraka mno. Ingia kwenye mipangilio, tafuta velositi, yaani hiyo namba ya nguvu, uchague mpangilio unaotaka kidole kizito zaidi. Halafu bonyeza noti moja pole pole, kisha kwa nguvu, ukitazama namba kwenye kompyuta. Mguso mwepesi ukikupa 30 au 40 hivi, ganuni itapumua. Kama kinanda hakina sehemu hiyo, rekebisha ndani ya programu ya kurikodia.

Ila sauti ya akodiani iwekee namba moja tu isiyobadilika. Akodiani yenyewe nguvu yake inatoka kwenye mivukuto, haitoki kwenye vidole, na wazee wa taarabu watakusikia mara moja!