Aliyehariri Vinasaba vya Watoto: Kosa Lake Lilikuwa Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Biolojia kidato cha sita. Tulipofika kwenye mada ya urithi, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini yule mwanasayansi wa China aliyebadilisha vinasaba vya watoto ili wasipate UKIMWI alifungwa, ilhali alikuwa akitafuta elimu na kuzuia maradhi. Jibu langu halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha. Naomba mnisaidie.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, tuanze na maradhi yenyewe, kwa maana hapo ndipo utetezi wa mwanasayansi huyo, He Jiankui, unapokuwa dhaifu kabisa. Katika familia alizozihudumia, waliokuwa na VVU ni akina baba, na akina mama hawakuwa navyo. Wazazi wa namna hiyo husaidiwa kwa kusafisha mbegu za baba maabara kabla ya kurutubisha yai, na yeye mwenyewe alizisafisha. Kwa hiyo viinitete alivyovihariri, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, havikuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Alichokusudia ni kuzima jeni ya CCR5, ambayo VVU huitumia kama mlango wa kuingilia seli za kinga, ili watoto wawe na kinga ya maisha. Hata hilo halikukamilika: mmoja wa mapacha waliozaliwa mwaka 2018 alibaki na nakala moja nzima kati ya nakala mbili za jeni hiyo. Isitoshe, jeni hiyo hiyo husaidia mwili kupambana na virusi vya West Nile, kwa hiyo kuizima kuna gharama yake.

Mwanafunzi wako anastahili kujua pia kwamba mahakama ya Shenzhen, ilipomhukumu Desemba 2019 kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuani milioni 3, haikumwadhibu kwa kutafuta elimu. Ilimtia hatiani kwa kufanya utabibu kinyume cha sheria, na ikaona kwamba hati za kibali cha maadili zilikuwa za kughushi. Fomu waliyosaini wazazi iliuita mradi huo utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI. Mzazi aliyesoma maneno hayo angewezaje kufahamu kwamba mtoto wake ndiye jaribio lenyewe?

Kuhariri vinasaba peke yake si haramu. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia teknolojia ile ile aliyoitumia He, CRISPR, ambayo ni kama mkasi wa kukata vinasaba: seli shina za damu za mgonjwa, yaani zile zinazozalisha damu, hutolewa, huhaririwa, kisha humrudia mwenyewe. Mgonjwa huyo ameelezwa hatari zake na amekubali, au mzazi amekubali kwa niaba yake kwa ajili ya ugonjwa ambao tayari anao, na mabadiliko hayo hayaendi kwa wajukuu. Kiinitete kikihaririwa, mabadiliko huweza kuingia katika mayai au mbegu za mtoto atakayezaliwa na kurithiwa na watu ambao hakuna awezaye kuwaomba idhini. Kwa maoni yangu, tofauti hii ina uzito kuliko sheria yoyote iliyovunjwa.

Mtafiti huyo aliahidi kufuatilia afya ya watoto hao hadi watimize miaka 18. Alitoka gerezani mwaka 2022, na wao walikuwa hawajatimiza hata miaka minne. Darasani, ningeanza na fomu ile ya wazazi, kisha ndipo niingie kwenye jeni.