Softiboli ya safari kwa mfuko mdogo: wazazi wanauliza, tunajibu

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi walioko Marekani. Binti ameanza softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, kwenye ligi ya mtaa, ameonekana ana mkono, na sasa kocha anamtaka kwenye timu ya kusafiri: timu ya kulipia, inayokwenda mji huu na ule kushindana Jumamosi na Jumapili. Mchezo wameupenda. Bei ndiyo imewashtua.

*Binti yangu ana miaka 10. Kocha amesema ada ni dola 1,200 kwa msimu. Hiyo ndiyo yote? (Mama, Dayton, Ohio)*

Siyo yote, mama, na pengine hata nusu haifiki. Kwa kawaida ada inalipia sare, uwanja wa mazoezi, bima na nafasi ya timu kwenye mashindano. Petroli, hoteli, chakula na tiketi ya getini ni juu yako. Ndiyo, mashindano mengi humtoza mzazi anayekuja kumtazama mwanawe.

Piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme timu ina mashindano 8, matano ya karibu na matatu ya mbali. Wikendi moja ya mbali: hoteli usiku mbili kwa dola 155 pamoja na kodi ni 310, maili 400 kwenda na kurudi kwa gari la maili 25 kwa galoni ni galoni 16, kama dola 51, getini dola 10 kwa mtu kwa siku, watu wazima wawili kwa siku mbili, 40, chakula cha kununua uwanjani, 60 kwa siku, 120. Jumla 521. Wikendi ya karibu, petroli ni kama 16, getini 40, chakula 120: jumla 176. Zidisha na ujumlishe, unapata dola 2,443 juu ya ile ada.

Sasa punguza. Chakula kitoke nyumbani kwa dola 30 kwa wikendi, na utafute timu yenye safari moja tu ya mbali na saba za karibu. Gharama zinashuka hadi 1,033. Umeokoa 1,410, zaidi ya ada yenyewe. Ndiyo maana tunasema usichague timu kwa ada. Omba ratiba ya mwaka jana, fungua ramani, pima maili. Timu ya dola 900 inayovuka majimbo matatu ni ghali kuliko ya dola 1,400 inayocheza ndani ya mwendo wa saa moja.

Kuna mtego wa hoteli pia. Baadhi ya mashindano hulazimisha timu za mbali zilale kwenye hoteli zilizopangwa na waandaaji, hata kama wewe una shangazi mji huohuo. Muulize kocha ni mashindano mangapi ya namna hiyo. Mkilala hoteli, mama wawili na binti wawili wanatosha chumba chenye vitanda viwili, na bili inakatwa nusu. Na kabla ya kujaza sanduku la barafu kwa wali na kuku, angalia kanuni za uwanja, kwa sababu viwanja vingine vikubwa havikubali chakula cha nje. Hapo kula kwenye gari kati ya mechi.

Kwa miaka 10, lakini, bado kuna njia ya katikati. Ligi nyingi za mtaa huchagua wachezaji bora wa msimu kuunda timu ya nyota ya kiangazi, kwa sehemu ndogo ya gharama hii. Mwaka mmoja huko haumpotezei mtoto kitu.

*Wenzake wana magongo ya dola 400. Wangu analia. (Baba, Louisville, Kentucky)*

Gongo la kupigia, wasomaji wa Tanzania msicheke. La dola 400 huwa la kompositi, yaani nyuzi za kaboni na gundi. Linarusha mpira vizuri, lakini lina masharti. Linahitaji kulainishwa kwa mapigo mia na zaidi huku ukilizungusha mkononi. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 60 za Farenhaiti, kama 15 za Selsiasi, linaweza kupasuka, na msimu wa masika kule kwenu huanza na baridi hiyo. Mipira migumu ya plastiki ya zile mashine za kulipia zinazorusha mipira ya mazoezi nayo hulipasua, na mara nyingi kiwanda hakitakubali dhamana ukilitumia hivyo.

Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 12, gongo la aloi ya alumini linatosha. Mara nyingi ni chini ya dola 120, liko tayari siku ya kwanza, halijali baridi, na likiharibika linabonyea tu, ukaliona. Akishazoea, ndipo ufikirie kompositi la toleo la mwaka uliopita. Matoleo mapya huingia madukani kuanzia mwisho wa kiangazi, na ya zamani hushuka bei sana ilhali tofauti mara nyingi ni rangi tu.

Kuhusu uzito: ashike gongo kwa mkono mmoja, aunyooshe pembeni usawa wa bega, ahesabu hadi 20. Mkono ukianza kutetemeka mapema, gongo ni zito. Usimnunulie refu ili “akue nalo”. Litachelewesha mkono wake misimu miwili.

La mtumba linafaa, ila likague. Gonga kichwa chake sakafuni, sauti iwe kali, isiwe ya kufifia. Pitisha soksi ya nailoni juu ya pipa, yaani sehemu nene ya kupigia, ikinasa kuna ufa. Tikisa, kusiwe na kitu kinachocheza ndani. Tazama muhuri: lazima uwe wa softiboli, kama wa USA Softball au wa USSSA wa softiboli, mashirika yanayosimamia mashindano. Kosa tunaloliona sana ni mzazi kununua gongo lenye muhuri wa USA Baseball kwa sababu majina yanafanana. Huo ni wa besiboli, na mwamuzi atalitoa uwanjani. Dhamana nayo humfuata mnunuzi wa kwanza na risiti yake, kwa hiyo kompositi la mtumba ni bahati yako mwenyewe.

Glavu ya mtumba ni afadhali kuliko mpya kwa sababu imeshalainika. Inchi 11.5 hadi 12 zinamfaa wa umri huo. Tazama kamba na kiganja. Njumu chukua za plastiki. Helmeti ndiyo pekee tusiyokushauri kubahatisha: iwe na muhuri wa NOCSAE, shirika la viwango vya usalama wa vifaa vya michezo, iwe na kinga ya uso, na isiwe na ufa popote. Duka la Play It Again Sports, au soko la mtandaoni la SidelineSwap, vina vyote hivi.

*Kocha alitupa saa 48 kulipa kianzio cha dola 300 la sivyo nafasi iende kwa mwingine. Hatukuwa nazo. Mwakani tufanyeje? (Wazazi, Des Moines, Iowa)*

Majaribio ya timu hizi hufanyika mwisho wa Julai na Agosti, msimu ukishamalizika, na kianzio huombwa palepale. Hilo halibadiliki, kwa hiyo badilisheni tarehe yenu. Kama mko kwenye upatu, ombeni zamu ya Agosti tangu mwanzo wa mzunguko. Pesa inayopatikana Novemba haiwasaidii.

Baki ya ada iombeeni malipo ya kila mwezi, kwa maandishi. Makocha wengi hukubali, ila hawatangazi. Kwenye mkataba tafuteni mambo matatu: mtoto akiumia inakuwaje, mkihama inakuwaje, na timu ikivunjika katikati ya msimu inakuwaje. La tatu ndilo wazazi husahau, na timu huvunjika kweli, hasa kocha akiondoka na binti yake. Na pesa ziende kwenye akaunti yenye jina la timu, isiwe ya mtu.

*Tunataka kuuza sambusa na mandazi. Mweka hazina anasema kila familia ipunguziwe ada kwa kiasi ilichouza. Ni haki, siyo? (Mama, Houston, Texas)*

Kwa akili ya kawaida ni haki, lakini kwa sheria ya kodi ni hatari, kama umoja wenu wa wazazi umesajiliwa kama shirika la hisani lisilotozwa kodi. Mwaka 2013 mahakama ya kodi ya Marekani iliamua kesi ya Capital Gymnastics Booster Club, umoja wa wazazi wa jimnastiki uliokuwa ukiwapa wazazi pointi za kupunguziwa ada kulingana na walichochangisha. Ulipoteza hadhi yake, kwa hoja kwamba faida ilikuwa inaishia kwa watu binafsi badala ya watoto wote. Mapato yaingie chungu kimoja, yapunguze ada ya kila mchezaji, au yatengwe kwa wenye shida.

Sambusa za nyama haziingii kwenye vyakula vya kupika nyumbani na kuuza katika majimbo mengi, kwa sababu zinahitaji baridi au moto wa kudumu. Keki na biskuti kavu kwa kawaida hupita. Someni sheria ya jimbo lenu kuhusu vyakula vya nyumbani kabla ya kununua unga.

*Mashindano ni Jumapili na sisi tuna ibada. (Baba, Phoenix, Arizona)*

Mpangilio wa kawaida ni makundi Jumamosi, mtoano Jumapili. Mwambie kocha kabla ya kukubali nafasi, siyo baada. Vinginevyo, timu zenye wachezaji wachache humchukua mchezaji mgeni wa siku moja, mara nyingi bure au kwa hela kidogo, na mashindano ya Jumamosi pekee yapo pia.

*Mume wangu anataka tukope, anasema softiboli italipia chuo. (Mama, Portland, Maine)*

Msikope. Hadi msimu wa 2024–25, timu ya daraja la kwanza la NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya Marekani, ilikuwa na ufadhili kamili 12 tu, nao mara nyingi ulikatwakatwa kwa wasichana zaidi ya ishirini. Tangu 2025–26, kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya mahakamani kuhusu kuwalipa wanamichezo, kikomo ni wachezaji 25, lakini hakuna kinacholazimisha chuo kuwafadhili wote. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Tena makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kuzungumza na msichana kuhusu kumsajili hadi Septemba 1 ya darasa lake la 11. Kumlipia mtoto wa miaka 12 mashindano ya “kuonekana” ni kumlipia aonwe na watu wasioruhusiwa kumsemesha. Alama za darasani na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, zitawaletea zaidi.

*Kambi ya softiboli ya kiangazi inaingia kwenye kodi? (Baba, Buffalo, New York)*

Kambi ya mchana inaweza kuhesabiwa kama malezi ya mtoto, kwa fomu 2441 ya nafuu ya kodi ya malezi, ikiwa ana chini ya miaka 13 na mmempeleka ili ninyi mfanye kazi. Kambi ya kulala haihesabiwi. Ombeni risiti yenye namba ya kodi ya waandaaji kabla kambi haijafungwa. Kuwatafuta Februari ni kazi.