Shemeji yangu na kura za msimu

SWALI: Habari kaka, mi nipo Kibirizi hapa Kigoma. Nina shemeji yangu mvuvi wa dagaa, uchaguzi mkuu wa 2015 alipanga foleni toka alfajiri, akarudi na wino kidoleni anatamba mtaa mzima. Lakini huu wa serikali za mitaa 2024 wala hakusogea, kalala mpaka jioni. Mtu yule yule jamani! Tatizo ni yeye au nini?

JIBU: Dada, kabla hujamnunia nikuulize, siku hizo mwezi ulikuwaje? Sitanii. Dagaa ni wa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Sasa tarehe 25 Oktoba 2015 zilibaki siku mbili tu mwezi uwe mpevu, halafu ilikuwa Jumapili. Ila tarehe 27 Novemba 2024 ilikuwa Jumatano, na mwezi mpya ulikuwa Desemba 1, yaani giza totoro. Mtu kakesha ziwani karudi asubuhi macho mekundu, dagaa wenyewe hata hawajaanikwa, umwambie akasimame juani kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, mmh.

Na kingine ni kura yenyewe imebeba nini. Uchaguzi mkuu unapewa karatasi tatu, rais, mbunge, diwani, umemfuata mmoja unamalizana na wote. Na watu hawatiki chama kimoja tu kama wa Dar wanavyodhani, 2015 hiyo hiyo Kigoma Mjini ubunge walimpa Zitto wa ACT, wakati mama Anna Mghwira aliyegombea urais kwa chama hicho hicho hakufikisha hata asilimia 1 nchi nzima.

Ikiwa karatasi moja ndo unaona. Jirani zetu Tabora, Igunga, Oktoba 2011, Rostam Aziz kajiuzulu wanatafuta mbunge tu. Vigogo wa vyama wakahamia kule, mikutano kila kona, lakini waliopiga kura hawakufika hata theluthi ya waliojiandikisha, na Kafumu wa CCM akapita kwa tofauti ya kura elfu tatu na ushee. Hao elfu tatu na ushee ungewapata kirahisi tu kwa waliobaki nyumbani.

Kwa hiyo shemeji msamehe hiyo ya 2024. Ila ukija uchaguzi mwingine uangalie mwezi, ukiukuta mpevu na bado kajifunika shuka, hapo dada hakuna cha dagaa, huyo mvivu.