Kitabu gani cha kuanzia Kijapani kwa anayejifunza peke yake?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wapandaji, kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi, na nasomea uongozaji wa watalii. Nataka kuongea na wageni wa Kijapani bila kusubiri mkalimani. Rafiki amenirushia PDF za vitabu vitatu: Genki I, Minna no Nihongo Shokyu I na Irodori. Sina mwalimu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na cha kazini. Hela yangu inatosha kununua kitabu kimoja, labda na nusu. Nianze na kipi? Na je, naweza kuruka hizo herufi zao kwanza, niende moja kwa moja kwenye kuongea?

JIBU: Anza na Genki I, chapa ya 3 iliyotoka mwaka 2020, na Irodori iwe pembeni. Minna no Nihongo ni kitabu imara, ila kwa mtu asiye na mwalimu na mwenye kazi kama yako, kiache kwa sasa. Herufi usiziruke, sababu nitaieleza, na inamhusu hasa mtu aliyekua akiongea Kiswahili.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiyo inayochagua kitabu. Mlimani maneno yako mengi kwa mgeni ni maombi na maelekezo: tembea polepole, kunywa maji, subiri hapa, vaa koti. Kwa Kijapani yote hayo yanasimama juu ya umbo moja la kitenzi, umbo la te, likifuatiwa na kudasai. Yukkuri aruite kudasai, tafadhali tembea polepole. Mizu o nonde kudasai, tafadhali kunywa maji. Koko de matte kudasai, tafadhali subiri hapa. Genki inakufikisha kwenye umbo hilo somo la 6. Minna no Nihongo inakufikisha somo la 14. Darasani, kwa saa kadhaa kila siku na mwalimu mbele yako, tofauti hiyo haiumizi. Kwa mtu anayesoma jioni baada ya kushusha mizigo, ni miezi.

Tatizo la pili la Minna ni kwamba kitabu kikuu kimeandikwa Kijapani kitupu, kuanzia maelezo hadi vichwa vya mazoezi. Tafsiri na maelezo ya sarufi viko kwenye kitabu kingine kinachouzwa peke yake. Wengi huagiza kile kikuu tu, wakakifungua, wakakwama ukurasa wa kwanza. Hela yako haitoshi vyote viwili, na hata ingetosha, kitabu hicho kimepangwa kikitegemea mwalimu anayeuliza na darasa linalojibu.

Genki inaeleza sarufi kwa Kiingereza chepesi ambacho kidato cha nne kinakimudu. Juzuu ya kwanza ina masomo 12, ya pili inaendelea hadi la 23. Ila ujue unanunua nini, maana ni vitabu vitatu tofauti: kitabu kikuu, kitabu cha mazoezi, na kitabu chembamba cha majibu. Ukipata hela ya kimoja na nusu, chukua kikuu na cha majibu, siyo kikuu na cha mazoezi. Mtu anayejifunza peke yake haanguki kwa kukosa mazoezi, anaanguka kwa kurudia kosa lile lile mara mia bila wa kumwambia. Mazoezi mengi ya Genki ni ya watu wawili. Cheza pande zote mbili, jirekodi kwa simu, kisha ujisikilize ukiwa umefungua majibu.

Kuhusu hizo PDF: Irodori imetolewa bure na Japan Foundation, taasisi ya Kijapani, pamoja na sauti zake, kwa hiyo ipakue kwenye tovuti yao, ukaprinti kwa amani pale steshenari na kuibaindi. Genki na Minna zinauzwa. Zinazozunguka WhatsApp mara nyingi ni kurasa zilizopigwa picha, bila sauti na bila majibu, yaani bila vitu viwili unavyovihitaji kuliko vyote. Ukinunua Genki iliyotumika, tazama chapa. Chapa ya 2 ilikuja na CD ndani, na CD hiyo ndiyo hupotea kwanza. Sauti za chapa ya 3 zinapatikana kwa programu ya simu iitwayo OTO Navi. Zipakue zote ukiwa na Wi-Fi mjini, maana bando likiisha huko juu hutapata kitu.

Sasa herufi. Kijapani kina seti mbili za herufi za sauti: hiragana, ambazo ni 46, na katakana, nazo 46. Ukichukua tano kwa siku, ukiziandika kwa mkono na kuzisoma kwa sauti, hiragana inaisha ndani ya siku kumi. Katakana inachukua muda kidogo zaidi kwa sababu kadhaa zinafanana. Genki yenyewe inaweka maandishi ya Kilatini kwenye masomo mawili ya mwanzo tu, kisha inayaondoa. Vipo vitabu vya watu wazima vinavyoendelea na herufi za Kilatini mwanzo hadi mwisho, na kwetu vinavutia sana kwa sababu irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, karibu sawa na zetu. Unasoma ukurasa mzima siku ya kwanza na kudhani umefika.

Hapo ndipo kosa linapojificha. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Kijapani hakifanyi hivyo; urefu wa irabu hubadilisha maana. Obasan ni shangazi, au mama wa makamo. Obaasan ni bibi. Ukimwita mgeni wa miaka arobaini na tano kwa lafudhi ya nyumbani, umemfanya ajuza. Biru ni jengo, biiru ni bia. Konsonanti nazo: kite ni njoo, kitte ni stempu, na hiyo tt ni kituo kifupi cha pumzi, siyo mkazo. Hiragana inauonyesha urefu huo kwa herufi yake yenyewe, kwa hiyo jicho linalazimika kuuona. Kilatini kinauficha, hasa pale mwandishi anapotumia kistari cha juu, na kwenye fotokopi kinafutika kabisa. Ndiyo maana nasisitiza sauti tangu siku ya kwanza: sikiliza sentensi, rudia papo hapo, kisha linganisha.

Mahali ambapo Kiswahili kinakubeba ni kwenye vitenzi. Mtu aliyezoea kupachika vipande kwenye mzizi, lisha kutoka la, pikwa kutoka pika, hashtuki akikuta taberu, kula, likiwa tabesaseru, kulisha. Kinachohitaji subira ni mpangilio, kwani kitenzi hukaa mwisho, na vijineno wa, ga, o, ni na de hukaa nyuma ya nomino vikieleza kazi yake. Usivifasiri kimoja kimoja kwa Kiswahili. Shika sentensi nzima.

Kwenye somo la 6 punguza mwendo, kaa hata wiki tatu. Aruku inakuwa aruite, nomu inakuwa nonde, matsu inakuwa matte, hanasu inakuwa hanashite. Iku, kwenda, inavunja kanuni na kuwa itte. Wanaokosea zaidi hukosea kaeru, kurudi, na hairu, kuingia: vinaonekana kama taberu, ambayo ni tabete, lakini ni kaette na haitte. Viandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Masomo mengine wiki mbili mbili yanatosha, kwa saa moja kila siku, ukianza mwezi wa tatu mvua za masika zinapopunguza wapandaji. Kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, zinaanza somo la 3, na Genki I ina 145. Wewe zisome uzitambue tu. Kuziandika kwa mkono kunaweza kusubiri. Mkao wa desu na masu, yaani sentensi kuishia na desu au masu, utumie kwa kila mgeni, una heshima ya kutosha. Lugha ya heshima ya juu iko somo la 19, juzuu ya pili, na kukosekana kwake hakutamkera mtu mlimani.

Irodori itumie Jumapili, somo moja, kwa kusikiliza. Imetengenezwa kwa wageni wanaoishi na kufanya kazi Japani, kwa hiyo mazungumzo yake ni ya dukani, kwenye treni na kazini, karibu na watu halisi kuliko maisha ya chuo yaliyomo kwenye Genki.

Msamiati wa mlima hautaukuta humo, ujiongezee: sanchoo, kilele, koozanbyoo, ugonjwa wa mwinuko, hakike, kichefuchefu. Somo la 12 la Genki linahusu kuumwa, na ninakushauri ulisome mapema hata kabla ya zamu yake. Ukiuliza daijoobu desu ka, uko sawa, mgeni anaweza kujibu daijoobu desu huku kichwa kinampasuka, kwa sababu hataki kusumbua kundi. Uliza kitu kimoja kimoja: atama ga itai desu ka, kichwa kinauma? Hakike ga arimasu ka, una kichefuchefu? Gohan o tabemashita ka, umekula? Maswali hayo matatu yajue kwa kichwa kabla hujagusa kitu kingine chochote, na uyaandike kwa hiragana kwenye karatasi uliyoitia plastiki, kwa sababu simu huzimika kwa baridi pale Kibo.

Ukimaliza Genki I utakuwa karibu na kiwango cha N5, cha chini kabisa kwenye JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni. Genki II inakaribia N4. Mtihani huo hauna sehemu ya kuongea, kwa hiyo usiufanye kipimo chako kwa sasa. Hela ya ada iweke kwenye juzuu ya pili.