Suala la ada ya jarida limalizwe kabla ya kutuma muswada

Wengi huanza kuuliza nani atalipa makala ikishakubaliwa. Hapo wamechelewa. Majarida mengi ya tiba ya ufikiaji huria humpa msomaji makala bure na kumtoza mwandishi, na ankara ya dola 1,500 hadi 3,000 ni ya kawaida. Msamaha wa ada upo, ila mara nyingi huombwa siku ileile ya kuwasilisha muswada, kwenye fomu ya mtandaoni. Ombi linalofuata baadaye kwa kawaida halipokelewi.

Soma ukurasa wa ada ujue jarida linatumia orodha gani ya nchi. Baadhi hufuata makundi ya nchi ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu: Kundi A husamehewa yote, Kundi B hupunguziwa. Mengine hufuata viwango vya kipato vya Benki ya Dunia, na hapo ndipo Watanzania wengi hushtukia. Tangu Julai 2020 Benki hiyo inaihesabu Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, kwa hiyo jarida lililokuwa likisamehe ada nzima linaweza sasa kutoa nusu tu. Nusu ya dola 2,500 bado ni mzigo mzito kwa mtafiti asiye na mfadhili.

Jambo linaloharibu zaidi ni uchaguzi wa mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake. Msamaha hufuata anwani ya taasisi yake. Ukimpa nafasi hiyo mshirika wa London kwa heshima tu, mfumo unaona Uingereza na kutoa ankara kamili. Kinyume chake, chuo chake kikiwa na mkataba wa kulipia ada kwa mchapishaji wa jarida hilo, jina lake ndilo litakalowaokoa. Yapo pia majarida yanayotaka waandishi wote watoke nchi zinazostahili. Ulizeni mapema. Hata hivyo, mtafiti wa Mwanza aliyekusanya data na kuandika rasimu anastahili nafasi hiyo hata pasipokuwa na suala la pesa, na tungependa aipate mara nyingi zaidi.

Majarida mseto, yanayouzwa kwa wasomaji lakini hufungua makala mojamoja kwa ada, kwa kawaida hayatoi msamaha. Huko chapisha bila kulipa, kisha weka kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo muswada uliokubaliwa: ule uliopita kwa wahakiki lakini haujapangwa kurasa na mchapishaji. Kagua kwanza muda wa kusubiri ambao jarida limeweka kabla muswada huo haujafunguliwa kwa umma. Kama fedha za utafiti zilitoka NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, muswada uliokubaliwa kuanzia Julai 1, 2025 unapaswa kuwekwa PubMed Central, hifadhi huria ya makala za tiba, na kufunguliwa siku makala inapochapishwa.

Na majarida bandia? Tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya ufikiaji huria, kwa namba yake ya utambulisho (ISSN), kisha ufuate kiungo kilichopo hapo, kwa sababu matapeli huiga jina na tovuti nzima. Kuonekana Google Scholar hakuthibitishi chochote. Usisaini fomu ya hakimiliki wala kulipa kabla ya kuona maoni ya wahakiki yanayogusa mbinu na takwimu zako. Makala ikishachapishwa kwenye jarida bandia, jarida halali halitaipokea tena, na baadhi ya matapeli hao hukudai ada nyingine ili waiondoe.