Maswali ya Wasomaji: Siri ya Biashara Inapoingia Kwenye Zabuni ya Serikali

Barua nne za toleo hili zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu jambo moja: mtu anayefanya biashara na serikali atawezaje kutoa taarifa anazodaiwa bila kupoteza kile kinachompa riziki?

SWALI: Ndugu Mshauri, kampuni yetu ndogo hutengeneza dawa ya kutibu maji, na uwiano wa viungo vyake tumeutafuta kwa miaka sita. Zabuni ya serikali tunayotaka kuomba inamtaka mzabuni aeleze muundo kamili wa bidhaa na namna inavyotengenezwa. Tukieleza, tunaogopa washindani watajua. Tusipoeleza, tunaogopa kuondolewa katika hatua ya kwanza. Je, kuandika neno SIRI juu ya bahasha kunatosha?

JIBU: Hakutoshi, Ndugu msomaji, kwa sababu bahasha ndicho kitu cha kwanza kutupwa. Siku ya ufunguzi hukatwa, nyaraka hutolewa, hunakiliwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati ya tathmini, na tangu saa hiyo kila karatasi hutembea peke yake. Ukurasa usiobeba onyo lake wenyewe utasomwa kama ukurasa mwingine wowote, na afisa atakayeutoa miezi minane baadaye kwa mtu aliyeomba kuona jalada hatakuwa na njia ya kujua kwamba kulikuwa na bahasha yenye maandishi mekundu.

Sheria yenyewe inaweka mzigo huu mabegani mwa mwenye siri. Makubaliano ya TRIPS ya Shirika la Biashara Duniani, yanayohusu haki za ubunifu na yaliyoanza kutumika mwaka 1995, yanataja katika kifungu cha 39 masharti matatu: taarifa iwe haijulikani kwa watu wanaoshughulika na mambo hayo, iwe na thamani ya kibiashara kwa kuwa ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za kuridhisha kuitunza. Sharti la tatu ndilo linaloangusha wengi, kwa kuwa aliyekabidhi fomula yake bila alama wala sharti lolote ni vigumu baadaye kuieleza mahakama kwamba aliitunza.

Kwa hiyo anzeni kabla ya kuandika zabuni. Kila zabuni ina muda wa kuomba ufafanuzi. Utumieni kuuliza kama taasisi nunuzi itakubali matokeo ya vipimo vya maabara na cheti cha ubora badala ya fomula. Mara nyingi waliotayarisha nyaraka walichotaka ni uhakika kwamba maji yatakuwa salama, na sharti la muundo kamili limenakiliwa tu kutoka zabuni ya zamani. Muwe waangalifu na maneno ya swali lenu, kwa sababu maswali na majibu husambazwa kwa wazabuni wote: ulizeni kuhusu sharti, msidokeze lolote kuhusu viungo.

Ikiwa jibu ni kwamba fomula lazima itolewe, ikusanyeni mahali pamoja. Msiitawanye katika maelezo ya kampuni, kisha katika ratiba ya kazi, kisha katika mchanganuo wa bei, iwe kiambatisho kimoja chenye kurasa chache, na chini ya kila ukurasa wake kuwe na maneno kama haya: “Jedwali lililo katika ukurasa huu ni siri ya biashara ya mzabuni. Limetolewa kwa ajili ya tathmini ya zabuni hii pekee, na lisinakiliwe wala kuonyeshwa kwa mtu asiyehusika na tathmini bila idhini ya maandishi.” Katika barua ya kuwasilisha zabuni orodhesheni kurasa hizo kwa namba, na kwa kila moja elezeni kwa sentensi mbili madhara yatakayotokea ikitolewa. Kama masharti ya zabuni yanaruhusu, wasilisheni pia nakala ya pili ambayo siri zimeondolewa, ili afisa atakayeombwa jalada awe na kitu cha kutoa bila kulazimika kuamua peke yake.

Hapo kwenye nakala ya pili ndipo nimeona makosa ya kusikitisha. Mtu anafunika jedwali kwa kisanduku cheusi kwenye kompyuta, anahifadhi faili, anatuma. Anayepokea anaburuta kishale juu ya weusi ule, ananakili, anabandika kwenye ukurasa mtupu, na fomula yote inatokea, herufi kwa herufi. Futeni maandishi yenyewe, chapisheni karatasi, halafu skanini upya. Katika majedwali ya hesabu kagueni pia safu zilizofichwa, kwa kuwa safu iliyofichwa bado imo ndani ya faili.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalo ni zito. Niliwahi kupewa nipitie zabuni iliyogongwa muhuri wa SIRI katika kila ukurasa, hata ule wenye anwani ya posta na picha ya mkurugenzi. Muhuri wa namna hiyo haumlindi mtu, kwani unamlazimu afisa kuupuuza wote ili afanye kazi yake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema jambo linalokaribiana na hilo tarehe 17 Novemba 2022 katika shauri la Antea Polska: haikubaliki karibu kila taarifa ya mzabuni kufichwa kwa sababu tu mzabuni ameomba, kwa kuwa wazabuni wengine nao wana haki ya kujua vya kutosha ili waweze kupinga uamuzi.

Jambo la mwisho, someni sheria ya utoaji wa taarifa inayohusu taasisi hiyo kabla ya kukabidhi chochote. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Ruckelshaus dhidi ya Monsanto lililohusu takwimu za viuatilifu zilizokabidhiwa serikalini, ilikubali kwamba siri ya biashara ni mali inayolindwa na katiba. Hata hivyo ulinzi ulitegemea sheria ilikuwa imeahidi nini siku ya kukabidhi. Takwimu zilizotolewa kati ya mwaka 1972 na 1978, zikiwa zimetajwa kuwa siri wakati wa kutolewa, zilikuwa na ahadi ya sheria nyuma yake. Zilizotolewa baada ya sheria kubadilishwa hazikuwa nayo, kwa sababu kampuni ilizikabidhi huku ikijua masharti mapya.

SWALI: Tumeshinda kandarasi ya kutengeneza programu ya kusimamia kumbukumbu za idara moja ya serikali. Sasa rasimu ya mkataba inasema kila kitu tutakachokabidhi, pamoja na msimbo chanzo, yaani maandishi ya asili yanayoiunda programu, kitakuwa mali ya serikali. Zaidi ya nusu ya msimbo huo tuliuandika miaka mingi kabla ya zabuni hii. Je, tutie saini?

JIBU: Msitie saini bado. Sentensi hiyo moja ikibaki ilivyo, itachukua kazi mliyoifanya kwa fedha zenu kabla hamjaijua zabuni hii, na mshindani wenu anaweza kuikabidhiwa kesho ili aiendeleze.

Swali la kuuliza ni nani aliyelipia nini. Kanuni za ununuzi za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zimelijenga jambo hili kwa uwazi unaofaa kuigwa hata na asiyehusika nazo: kilichotengenezwa kwa fedha za serikali pekee, serikali hukitumia bila mipaka, kilichotengenezwa kwa fedha za mkandarasi pekee, haki za serikali huwa finyu, na pale fedha zilipochanganyika, serikali hukitumia kwa shughuli zake, kwa kawaida kwa miaka 5, kisha mipaka huondoka. Mkandarasi hutakiwa kutaja mapema vitu anavyodai kuvitolea haki finyu, na kila anachokabidhi chini ya dai hilo hukiwekea maneno ya onyo yaliyoandikwa katika kanuni zenyewe. Akikikabidhi bila maneno hayo, huchukuliwa kuwa ameondoa mipaka.

Nanyi fanyeni hivyo. Andaeni jedwali litakalokuwa kiambatisho cha mkataba: jina la kila sehemu ya programu, tarehe ilipoandikwa, fedha zilizotumika, na haki inayotolewa. Uthibitisho wa tarehe mnao tayari katika kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo wenu; hifadhini nakala yake leo, kabla kazi ya serikali haijaanza, na kuanzia hapo msimbo wa zamani na mpya ukae katika hifadhi mbili tofauti. Waandaaji programu hawapendi utengano huu kwa kuwa unawachelewesha, lakini baada ya mwaka mmoja wa kuchanganya hakuna atakayeweza kuapa ni mstari upi ulikuwa wa nani.

Idara nayo ina hofu ya haki: kampuni yenu ikifa, nani atairekebisha programu? Hofu hiyo inatulizwa kwa kukabidhi msimbo kwa mtunzaji wa tatu, ambaye ataufungua tu likitokea tukio lililotajwa katika mkataba, kama vile kufilisika au kuacha kutoa huduma. Vilevile ulizeni kama idara imeajiri washauri wa nje, kwa kuwa washauri hao leo wanasoma msimbo wenu na kesho wanafanya kazi kwa mshindani. Kila mmoja wao na atie saini mkataba wa kutunza siri na ninyi moja kwa moja, mbali na ule alionao na serikali.

Hata taarifa ambayo serikali ina haki ya kuitumia bila mipaka si lazima iwe ya kila mtu. Kampuni ya ndege ya Boeing ilibishana na Jeshi la Anga la Marekani kuhusu onyo ililoliweka katika nyaraka za ndege ya F-15, onyo lililowahusu watu wengine wala si serikali, na mwezi Desemba 2020 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kanuni zilizotajwa hazikukataza onyo la namna hiyo.

SWALI: Mzabuni aliyeshindwa amekata rufaa na anataka aonyeshwe zabuni yetu yote. Taasisi imetuandikia ikitupa siku chache za kujibu. Tujibu nini?

JIBU: Jibuni ndani ya siku hizo, hata kama barua yenyewe haijakamilika mnavyotaka, kwa sababu ukimya huhesabiwa kuwa ridhaa. Msikatae kila kitu. Bei ya jumla ya mshindi kwa kawaida hutangazwa, na kuipigania kunawapunguzia heshima pale penye siri ya kweli; nguvu zenu ziende kwenye mchanganuo wa gharama, mbinu za kiufundi, na majina ya wauzaji wenu wa malighafi. Kwa kila ukurasa elezeni mnavyoutunza ndani ya kampuni. Mwaka 2019, katika shauri la gazeti la Argus Leader, Mahakama ya Juu ya Marekani iliangalia jambo hilohilo: kama taarifa kwa desturi na kwa hakika imetunzwa na mwenyewe kuwa ya faragha, na imekabidhiwa serikalini chini ya ahadi ya kuitunza.

Mwombeni pia msikilizaji wa rufaa azione kurasa hizo yeye mwenyewe bila kuzikabidhi kwa mlalamikaji. Njia hiyo ina msingi. Katika shauri la Varec dhidi ya Ubelgiji la mwaka 2008, lililotokana na zabuni ya viungo vya minyororo ya vifaru, mahakama ya Ulaya ilieleza kwamba chombo kinachosikiliza rufaa lazima kiweze kuziona siri zote, na papo hapo kiwe na uwezo wa kuamua zisifike kwa mshindani. Vinginevyo mtu angeweza kukata rufaa ili tu apate kusoma kazi ya mwenzake.

SWALI: Mimi ni afisa ununuzi. Wajumbe wa kamati hunitaka niwatumie zabuni kwa simu ili wazisome nyumbani. Nifanyeje bila kuonekana mkaidi?

JIBU: Kataa, na uwaeleze kwamba unawalinda wao. Sheria ya Mfano ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, katika kifungu cha 24, inaizuia taasisi nunuzi kutoa taarifa itakayodhuru maslahi halali ya wazabuni, na Marekani mtumishi wa serikali anayefichua siri ya biashara kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kuondolewa kazini. Tenga chumba kimoja cha kusomea, weka daftari la kusaini jina na saa ya kuingia na kutoka, na kila nakala iwe na namba ya mjumbe aliyepewa. Tathmini ikiisha, zikusanye zote na uzihesabu mbele yao kabla hawajaondoka chumbani.