Msimamizi wa waanika dagaa
Ndugu, kwa hao waanika dagaa wa Kirumba, Mwanza, unaowatafutia msimamizi, usimchague kwa usaili wa mezani. Mlipe afanye kazi na kikosi wiki moja, umtazame wingu likitanda ziwani: anashika turubai mwenyewe au anasimama kando akifoka? Dagaa nusu wakavu wakilowa wanaharibika na bei inaanguka, hapo ndipo mtu anapoonekana.

Waulize na akina mama wa kwenye chanja za kuanikia. Pengine mmoja wao anafaa kuliko mgeni yeyote, nami ningeanza na huyo.

Ukishampata, mpe maelezo ya ajira kwa maandishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hivyo. Andika wazi kwamba naye ataanika, atageuza na kupima.